Stesheni ya Mwiki: Reli ni ya Taifa, Njia ya Kuifikia ni ya Kaunti

Mazungumzo kwa wakazi wa Mwiki na mitaa jirani



Mada ya leo ni stesheni ndogo ambayo wengi huipita kila siku bila kuitilia maanani. Stesheni ya Mwiki iko kati ya Dandora na Githurai, kwenye reli itokayo Nairobi kwenda Ruiru, Thika na hatimaye Nanyuki. Jina la Mwiki lenyewe lina pande mbili. Kuna Wodi ya Mwiki katika eneo bunge la Kasarani, Kaunti ya Nairobi, na kuna Wodi ya Mwiki katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Abiria hana haja na mpaka huo. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri huuliza mambo mawili tu: treni ipo? Na njia ya kuifikia inapitika?

Reli kuu kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Tawi la Thika lilikuja baadaye, likakamilika mwaka wa 1913. Katika karatasi za serikali ya mkoloni liliitwa Thika Tramway, kana kwamba ni tramu ya mjini, ingawa lilikuwa reli kamili yenye upana wa mita 1, sawa na ile ya Mombasa. Halikujengwa kwa ajili ya mwananchi. Lilijengwa ili mashamba ya walowezi, ya kahawa na katani, yapate njia ya kufikia bandari. Kabla ya hapo mizigo ya Thika ilivutwa na ng'ombe, na mvua ikinyesha magurudumu yalizama kwenye udongo mweusi. Baadaye reli ilisonga mbele kupitia Makuyu, Maragua, Sagana na Karatina, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imeshafika Nanyuki, takriban kilomita 240 kutoka Nairobi.

Vijana huuliza kwa nini reli iwe na stesheni ndogo nyingi hivi. Sababu moja ni kwamba reli hii ni ya njia moja. Treni mbili zinazokuja kutoka pande tofauti haziwezi kupishana popote ila mahali palipo na reli ya pembeni, na mahali hapo ndipo stesheni. Treni moja huingia kando na kungoja, nyingine ipite. Msimamizi wa stesheni hairuhusu treni kuondoka mpaka stesheni inayofuata ithibitishe kwamba njia iko wazi. Enzi za injini za mvuke kulikuwa na sababu ya pili: injini ilihitaji maji njiani. Kwa hiyo stesheni ndogo ilikuwa kituo cha usalama kabla ya kuwa kituo cha abiria.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, reli za nchi tatu ziligawanywa, na Shirika la Reli la Kenya likaanza kazi mwaka uliofuata. Miaka iliyofuata malori yalichukua mizigo na matatu zikachukua abiria. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa Novemba 2012, na mwezi huohuo stesheni mpya ya Syokimau ikafunguliwa upande wa pili wa Nairobi. Barabara ilishangiliwa zaidi, na ilistahili. Lakini anayetoka Githurai saa moja asubuhi anajua msongamano ulivyorudi.

Mwaka wa 2020 ndipo tawi hili lilipokumbukwa. Reli ya kwenda Nanyuki ilikarabatiwa, mizigo ikaanza kupita, na Desemba mwaka huo treni ya abiria ikarudi Nanyuki baada ya miaka mingi ya kutokuwapo. Kwa safari za Nairobi na viunga vyake yalinunuliwa magari ya reli yaliyotumika awali katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Wapo waliolalamika kwamba ni ya mitumba. Kweli, lakini mitumba inayofika kwa wakati si ya kudharauliwa.

Kwa mkazi wa Mwiki, huduma yenyewe ni ya wafanyakazi: treni huelekea mjini asubuhi na kurudi jioni. Si huduma ya kutwa nzima. Anayepanga safari ya adhuhuri, au ya kumpeleka mgonjwa hospitali, ategemee barabara. Ratiba na nauli hubadilishwa mara kwa mara, hivyo ni vyema kuuliza stesheni kabla ya kuitegemea.

Sasa jambo linaloleta malalamiko mengi: nani alaumiwe? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaiweka reli chini ya serikali ya kitaifa. Treni ikichelewa, behewa likijaa kupita kiasi, au jukwaa likibomoka, mwenye kujibu ni Shirika la Reli. Lakini Jedwali hilohilo linazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, masoko, uzoaji wa taka na mitaro ya maji ya mvua mijini. Maana yake ni kwamba hatua za mwisho kabla ya stesheni ni za kaunti. Mama anayeshuka treni jioni na kutembea gizani kuelekea nyumbani hahitaji injini mpya; anahitaji taa. Anayevua viatu ili avuke tope anahitaji mtaro. Treni inaweza kufika kwa dakika iliyopangwa na bado abiria akaikosa kwa sababu ya njia hiyo.

Kuna hatari pia. Oktoba 2013, basi la abiria liligongana na treni kwenye kivuko cha reli mtaani Umoja, Nairobi, na watu zaidi ya 10 wakafa. Treni haikwepi, na hata dereva wake akifunga breki huendelea mamia ya mita kabla ya kusimama. Dereva wa matatu asiingie kwenye kivuko kabla ya kuona nafasi ya kutokea upande wa pili. Gari likizimika juu ya reli, abiria washuke wote kwanza. Mambo ya gari yafuate. Mwenye bodaboda apunguze mwendo, na anayetembea atoe spika za masikioni. Kutandaza bidhaa kwenye reli ni kosa kisheria, na anayefanya hivyo huweka maisha yake na ya wateja wake hatarini. Hata hivyo, muuzaji wa mboga hufuata abiria walipo. Kumfukuza bila kumtafutia nafasi ya soko karibu na stesheni kumejaribiwa kwingi, naye hurudi baada ya wiki. Soko ni kazi ya kaunti.

Taa na mitaro hulipwa kutoka kwenye bajeti, na bajeti ina kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Anayelalamika mwezi wa Juni amechelewa. Sheria inataka wananchi wasikizwe kabla ya hapo, kwa hiyo ombi liletwe kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma, kwa maandishi, likitaja mahali hasa: barabara gani, kati ya wapi na wapi, taa ngapi, maji hutuama wapi. "Tuboreshewe Mwiki" haliwezi kuandikiwa makadirio. Njia ya miguu kutoka stesheni hadi barabara ya lami, yenye taa na mtaro, linaweza. Nakala ya ombi iachwe kwa msimamizi wa wodi na kwa mwakilishi wa wodi, na mwenye kuliandika abaki na yake yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.