Sheria Nayo Ina Ukoo

Leo twataka kuzungumza habari za sheria, lakini si habari za makatazo wala adhabu. Twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kutafuta asili ya sheria: nani aliyeitunga, lini, na kwa sababu gani. Sheria nayo ina wazazi, na asiyejua ukoo wake hudanganywa upesi.

Tutwae mfano wa kwetu. Mtu wa kijiji kimoja cha ufuoni, kaskazini ya Kigoma, amerithi shamba la michikichi lililopandwa na babu yake. Hati hana, mashahidi wake ni majirani na michikichi yenyewe. Siku moja aambiwa na mtu aliyesoma, "Ninyi msio na hati hamkuwa na haki yo yote katika sheria mpaka ilipotungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kabla ya hapo mlivumiliwa tu." Je, ni kweli? Neno hili halijibiwi kwa ugomvi. Hujibiwa kwa karatasi za kale.

Kwanza, tushike sheria ya sasa tuisome mpaka mwisho, maana huko ndiko sheria itajapo ile iliyoiondoa. Sheria ya Ardhi, iliyotungwa pamoja na ile ya Vijiji mwaka 1999, yasema kwamba imefuta Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Basi tumekwisha kumpata mzazi.

Pili, tutafute maneno ya huyo mzazi katika Gazeti la Serikali na vitabu vya sheria vya miaka ile. Sheria ya 1923 ilisema kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana, kwa faida ya wenyeji. Na mtu aweza kuwa na haki ya kuikaa na kuitumia. Lakini mwenye kulima kwa mila, asiyepewa karatasi na Gavana, je, naye ana haki hiyo? Sheria haikueleza wazi. Tukifungua kitabu cha mwaka 1928 twaona maneno yaliyoongezwa: haki hiyo ni pamoja na ya mwenyeji, au jamii ya wenyeji, watumiao ardhi kwa halali kufuata sheria na mila zao. Yule aliyesoma amekwisha kujibiwa: haki ya mkulima ilitajwa katika sheria miaka 71 kabla ya 1999.

Tatu, tuulize sababu. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926. Kwa hiyo sheria ya 1923 haina majadiliano ya baraza ya kusomwa. Habari zake zimo katika barua za Dar es Salaam na London, ambazo nyingi zimewekwa Kew, Uingereza. Tena nchi hii Waingereza waliishika kwa hati ya Chama cha Mataifa, na kifungu cha 6 cha hati hiyo kiliwaagiza kuangalia mila za wenyeji katika kutunga sheria za ardhi. Tume ya Chama hicho huko Geneva iliwahoji mwaka hata mwaka, na maswali na majibu yalipigwa chapa. Atakaye kujua kwa nini maneno yale yaliongezwa na asome huko pia.

Lakini tujihadhari na mambo mawili. La kwanza, tusiseme zaidi ya yaliyoandikwa. Maneno ya 1928 hayakumaliza shaka zote, kwa kuwa mamlaka makubwa yalibaki kwa Gavana. Mwaka 1994 ndipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Na sheria ya 1999 ikasema kwamba haki hiyo ni sawa na ile itolewayo na serikali.

La pili, karatasi husema maneno ya mwenye kalamu. Katika Baraza lile hakuingia Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1945. Mwenye jembe alijadiliwa naye hayupo. Tena Kigoma na Ujiji zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu 1916 hata 1921, na karatasi zao nyingi ziko Ubelgiji. Basi usipoona jambo katika makabati ya Dar es Salaam, usiseme halikutokea. Waulize na wazee, uandike wasemayo pamoja na siku waliyoyasema.

Wanafunzi, mkipata kwenda Dar es Salaam katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ombeni ruhusa kwanza. Andikeni namba ya jalada, tarehe, na ukurasa. Nakilini maneno kama yalivyo, hata msiyoyapenda. Na ninyi wenye mashamba, hifadhini kila karatasi ya mpaka, ya urithi na ya hukumu. Siku moja mjukuu ataitafuta.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: na haki pia. Kwaherini.