Gari la Fahari Lililozeeka

Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe mwaka 2019, na hata kabla yake, imekuwa ada kwa mchimbaji wa Katoro au Kahama aliyejaaliwa riziki kutamani Range Rover iliyokwisha tumika ng'ambo; nasi hatumlaumu, maana fahari si haramu, walakini twamsihi atambue kwamba bei ya gari hushuka kwa umri, ilhali gharama ya spea zake haishuki.

Chunguza kwanza mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, ambayo katika mengi ya magari haya hushika mahali pa springi: mpira huchakaa, vumbi na mashimo ya njia za machimboni huzidisha madhara, hewa ikavuja taratibu, na kompresa iijazayo mifuko hiyo, kwa kufanya kazi pasipo kupumzika, ikaungua. Liache gari usiku kucha mahali palipo sawa. Alfajiri ukilikuta limeinama upande mmoja, fundi apake maji ya sabuni juu ya mpira, nanyi mtaona mapovu yakifura palipotoboka.

Anayeagiza mwenyewe akumbuke kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililopita miaka 8 tangu kuundwa. Fauka ya hayo, kabla hujalipa, ulizia kama Kahama au Mwanza yupo fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari hilo, kwani asipokuwapo, taa ya hitilafu ikiwaka huenda ikakudai safari ya lori hadi Dar es Salaam.