Utunzaji wa Kifaa cha Usikivu Nyumbani na Shuleni

Hotuba ya mwalimu wa elimu maalumu kwa wazazi na walezi



Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu, na tangu hapo si lazima tena mtoto avuke bahari kwa upasuaji huo. Akisharudi nyumbani, kazi inayobaki ni yetu.

Kipandikizi kina sehemu mbili. Ya ndani hukaa chini ya ngozi, na uzi wake mwembamba huingia katika koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono. Ya nje ni kichakata sauti kinachovaliwa nyuma ya sikio. Hunasa sauti kwa maikrofoni, huichambua, kisha huipeleka ndani kupitia kisahani kinachoshikwa kichwani kwa sumaku. Sehemu hii ya nje ikizimika, mtoto hurudi katika ukimya.

Hayo niliyajifunza kwa aibu. Mwanafunzi wangu mmoja aliacha kuitika darasani, nami nikamkemea siku tatu nikidhani ni ukaidi. Siku ya nne bibi yake alifika, akaubadilisha waya wa kifaa kwa ule wa akiba, akamwita mjukuu wake kwa nyuma. Mtoto akageuka. Waya wa zamani ulikuwa umekatika ndani, ilhali kwa nje ulionekana mzima. Nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya wenzake.

Tangu siku hiyo, kabla ya somo la kwanza, hufanya jaribio la sauti sita: a, u, i, m, s, sh. Simama nyuma ya mtoto, hatua moja hivi, asiione midomo yako. Tamka sauti mojamoja bila kufuata mpangilio, naye arudie au ainue mkono. Sauti hizo huanzia nzito hadi nyembamba za usemi wetu. Asiposikia, kagua betri, kisha waya, kisha maikrofoni. Tatizo likiendelea, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo.

Adui mkubwa wa kifaa ni unyevu, nasi tunaishi pwani penye joto na jasho. Kila usiku kivueni, mkifute kwa kitambaa laini kikavu, mtoe betri, kisha mkilaze katika kopo lenye punje za kufyonza unyevu. Punje zikichoka, zibadilishwe. Msikianike juani wala kukipuliza kwa hewa ya moto. Mtoto akienda kuoga au baharini, kivuliwe, isipokuwa kama kina kifuniko chake maalumu cha kuzuia maji. Vichujio vya maikrofoni vibadilishwe kwa ratiba mliyopewa kliniki, kwa kuwa vumbi likiziba, sauti hufifia polepole bila mtu kutambua.

Kagueni pia ngozi iliyo chini ya sumaku. Ikibadilika rangi, ikivimba au kuuma, rudini kliniki. Msibadilishe sumaku wenyewe. Kabla ya kipimo cha MRI, mhudumu aelezwe kwamba mgonjwa ana kipandikizi.

Jambo moja halina mzaha: betri ndogo za duara. Mtoto akimeza betri, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Msingoje aione haja. Mpelekeni hospitali mara moja. Betri mpya na zilizokwisha zifungiwe mbali na watoto wote wa nyumba.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ombi langu ni dogo. Kila shule yenye mtoto wa aina hii iwe na kopo la kukaushia, betri na waya wa akiba, pamoja na mwalimu aliyefundishwa kuvitumia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Siku tatu za ukimya zilizompata mwanafunzi wangu zisimpate mtoto mwingine wa wilaya hii.