Mkono Unaomshika Panya

Msikilizaji, kabla kidonge hakijafika duka la dawa, mara nyingi hujaribiwa kwanza kwa panya wa maabara. Leo tuulize: panya huyo alishikwaje?

Mwaka 2010, Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia huwa na wasiwasi kuliko anayebebwa ndani ya bomba au kwenye viganja. Na mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walieleza kwamba hata harufu ya mwanamume iliyobaki kwenye fulana humtia panya msongo, akaonyesha dalili chache za maumivu.

Jambo hili linakuhusu vipi? Hofu humwaga homoni mwilini na kubadili kemia ya ubongo. Sasa ukimpa panya huyo dawa ya maumivu au ya wasiwasi, unapima dawa, au unapima hofu?

Kwa upande mmoja, wapo wanaosema kumshika mkia ni haraka, na kubadili utaratibu kutavuruga ulinganisho na majaribio ya zamani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa upande wa pili, haraka haraka haina baraka: matokeo yasiyoaminika hupoteza fedha, muda na uhai wa wanyama bure.

Kwangu mimi, upole ni kipimo, sawa na mizani. Nakuachia swali, msikilizaji: ikiwa ripoti ya utafiti hututajia kiasi cha dawa, kwa nini isitutajie pia mkono uliomshika panya?