Simbilisi Mwenye Vidonda vya Nyayo: Usikimbilie Penisilini

Haya ni maneno ya afisa wetu wa habari mbele ya wazazi na watoto katika kikao cha wakazi mtaani London, jijini Nakuru. Tumeyafupisha kidogo.

 

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si daktari wa mifugo. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuuliza maswali na kuandika majibu. Nimeomba nafasi hii leo kwa sababu kuna mnyama aliyekufa mikononi mwangu nikidhani ninamtibu.

Alikuwa simbilisi wa mpwa wangu, msichana wa miaka tisa. Simbilisi mnamjua, yule mnyama mdogo asiye na mkia anayelia kwa kufoka kila akisikia mtu akifungua mlango wa jikoni. Wako wanaomwita pimbi, lakini pimbi ni yule anayeota jua juu ya majabali kule Hell's Gate, na jamaa yake wa karibu ni ndovu. Huyu wetu aliitwa Karanga. Alikaa katika kizimba cha zamani cha kuku, sakafu yake waya mtupu, kwa sababu tuliona waya ni safi: mavi yanaanguka chini, kazi inapungua.

Siku moja mpwa wangu akaniambia, "Anko, Karanga anatembea kama anakanyaga miiba." Nilimgeuza nikaona nyayo za nyuma zimekuwa nyekundu, zimevimba, na mmoja una gamba jeusi katikati. Nikaenda duka la dawa za mifugo nikasema nina mnyama mdogo mwenye kidonda. Sikusema ni mnyama gani, na muuzaji hakuniuliza. Nikarudi na dawa ya penisilini. Nilimpa Karanga kwa mdomo siku mbili. Siku ya tatu aliacha kula, akaanza kuharisha. Siku ya tano tulimzika nyuma ya nyumba.

Ndipo nikapiga simu ambayo ningepaswa kupiga mwanzoni. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Ulimpa nini?" Nilipomjibu, alinyamaza kidogo.

Alinieleza hivi. Simbilisi huishi kwa kutegemea vijidudu vizuri vilivyo tumboni mwake, ambavyo humsaidia kusaga nyasi. Penisilini huviua hivyo vizuri na kuacha vile vibaya vizaane na kutoa sumu. Jambo hili wanasayansi wamelijua tangu 1943, miaka ile ile penisilini ilipoanza kutumika. Amoksilini, ampisilini na klindamisini pia ni hatari kwake, na streptomisini vilevile. Kwa hiyo ile sindano ya penisilini na streptomisini ambayo wafugaji wetu wa ng'ombe wanaijua sana, usimdunge simbilisi. Wenye sungura nanyi sikieni: penisilini ya kunywesha huua sungura kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, kidonda chenyewe hutoka wapi? Mara nyingi hutoka sakafuni. Waya hukata ngozi laini ya unyayo, au matandiko yenye mkojo huilainisha mpaka ipasuke, halafu vijidudu vinavyokaa kwenye ngozi kila siku hupata mlango. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, matandiko hayakauki kwa urahisi, hasa kwa wenzetu wa Molo na Kuresoi. Mabua ya ngano kutoka Njoro ni ya bei nafuu, lakini ncha zake huchoma. Mnyama mnene hulemea nyayo zake. Kucha zikirefuka hupinda, na mguu ukakaa vibaya.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hatuijui. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, nao wakapata ule ugonjwa wa mabaharia wa kutokwa damu kwenye fizi. Mnyama aliyekosa vitamini hiyo hata kidonda chake hakiponi vizuri. Chakula cha sungura cha dukani hakimfai peke yake, kwa maana sungura hujitengenezea vitamini C na hivyo haiongezwi humo. Simbilisi anahitaji takriban miligramu 10 hadi 30 kwa siku. Kipande cha pilipili hoho kila siku na jani la sukuma wiki vitasaidia sana, pamoja na nyasi kavu asizokosa wakati wowote. Karanga wetu alikula pumba na maganda ya viazi. Sasa mnaelewa.

Ukiona unyayo umekuwa mwekundu tu, bila kidonda kilichofunguka, unaweza kuanza nyumbani siku hiyo hiyo. Ondoa waya, au ufunike kwa ubao na juu yake uweke kitambaa kinene au nyasi laini za boma rhodes. Badilisha kila siku panapolowa. Osha unyayo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kisha ukaushe kabisa. Kukausha ndiko watu wanakosahau. Ukiwa na iodini ya vidonda, ichanganye na maji hadi iwe na rangi ya strungi nyepesi.

Lakini ukiona usaha, harufu, uvimbe mgumu, au mnyama ameacha kula, usingoje kesho. Usikate gamba wala kukamua uvimbe, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuingia mpaka kwenye mfupa. Daktari atasafisha, atafunga bendeji, atampa dawa ya maumivu na kuchagua antibiotiki ambayo tumbo la simbilisi linaweza kuivumilia. Mjiandae kuwa na subira, maana kidonda kikubwa huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi.

Huduma za mifugo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Nilikuwa nikiandika sentensi hiyo kazini mara kwa mara na bado sikufikiria kwamba inamhusu simbilisi. Inamhusu. Anzeni kwa afisa wa mifugo wa wadi yenu. Na anayekuja kumtibu mnyama wako, mwombe akuonyeshe kwamba amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Hiyo ni sheria tangu 2011, na mtu aliyesajiliwa hatakasirika ukimuuliza.

Mama mmoja hapo nyuma ameuliza kuhusu sungura wake wa biashara, ishirini na kitu, wote juu ya waya. Mama, si lazima ubomoe vizimba. Weka kipande cha ubao laini katika kila kizimba, mahali pa kupumzikia, na ukioshe na kukianika kikichafuka. Angalia kwanza wale wakubwa na wazito.

Mpwa wangu sasa ana simbilisi wawili. Kila Jumamosi asubuhi huwageuza na kuzikagua nyayo zote, mbele vidole vinne, nyuma vitatu, akihesabu kwa sauti. Mimi nimepigwa marufuku kugusa chupa yoyote ya dawa.

Haya, waliokuja na wanyama wao, waleteni hapa mezani. Daktari ameshanawa mikono. Tuanze na yule wa kwenye ndoo.