Umeyatoa Wapi Maneno Haya?

(Mada iliyotolewa kwa vijana wetu, Kiogoro, Kisii)



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad. Ndugu zangu vijana, wazazi wetu, na wewe unayesoma ukisubiri adhana ya Magharibi, Ramadhan Karim.

Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta na kazi ya kuandika. Mtaniuliza, jamani, kompyuta na Ramadhan wapi na wapi? Ngojeni niwape kisa changu mwenyewe.

Mwaka mmoja, kabla ya kuandama mwezi, niliandika karatasi ya ukurasa mmoja juu ya fadhila za mfungo. Nilikwenda saiba Kisii mjini, nikatafuta kwenye intaneti, nikanakili hapa, nikabandika pale, nikatoa kopi mia moja nikazigawa. Siku ya pili mzee mmoja alinishika mkono baada ya swala. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hadithi hii ya tatu umeitoa kitabu gani?" Nilitafuta usiku ule mpaka daku, sikuipata. Na karatasi mia zilikwisha fika majumbani mwa watu, na aliyezipeleka ni mimi.

Ndugu msomaji, sisi ni umma wa isnadi. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alizunguka miji mingi akikusanya hadithi, na kila hadithi aliiandika pamoja na mnyororo wa waliopokea, fulani kutoka kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Hakuwa na kompyuta wala stima. Sisi tunazo, na bado tunaandika "imepokewa" bila kusema na nani!

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Programu ya Microsoft Word mnaijua, wengi mnaitumia kuchapa barua za kazi. Lakini juu ya dirisha lake kuna neno References, na wengi hawajawahi kulibonyeza. Humo ndimo mna tanbihi. Weka kishale mwisho wa sentensi uliyoitoa kwa mtu mwingine, bonyeza Ctrl, Alt na F kwa pamoja, na namba ndogo itatokea. Chini ya ukurasa unaandika kitabu, mwandishi na ukurasa. Ukiongeza tanbihi nyingine katikati, namba zote zinajipanga zenyewe. Asiye na Word atumie LibreOffice, ni ya bure, nayo inaweka tanbihi vilevile.

Ya pili ni orodha ya vyanzo. Tangu Word ya mwaka 2007, unaweza kujaza fomu ya kitabu mara moja tu: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, mji na mchapishaji. Baadaye, kila unapokitaja kitabu kile unakichagua tu kwenye orodha, na mwisho wa kazi programu inakupangia marejeo yote kwa alfabeti. Mwanafunzi wa chuo mwenye kazi ya kurasa hamsini anajua hiyo ni nafuu ya siku ngapi. Iko pia Zotero, ya bure tangu 2006, inayohifadhi vyanzo na kuviingiza ndani ya Word au LibreOffice.

Mtu atasema, "Mimi naandika 'tafsiri ya Qur'ani ya Kiswahili', inatosha." Haitoshi! Tafsiri gani? Ya mwaka 1923 ni ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kikristo aliyekuwa Zanzibar. Ya 1953 ilitolewa na Ahmadiyya. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitolewa na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969. Kiswahili ni kimoja, lakini wafasiri ni watatu na kila mmoja ana msimamo wake. Msomaji ana haki ya kujua anasikia sauti ya nani. Na hadithi vilevile: namba zake hutofautiana baina ya chapa na chapa, kwa hiyo taja na chapa uliyoisoma.

Tahadhari mbili. Kwanza, kwenye kompyuta ya saiba usiondoke bila kuihifadhi kazi yako kwenye flashi au barua pepe. Stima ikipotea, haikuagi.

Pili, na hii ndiyo kubwa: programu inapanga, haihakikishi. Ukiijazia uongo, itaupanga uongo wako kwa alfabeti, upendeze. Na siku hizi, tangu mwisho wa 2022, zimekuja programu kama ChatGPT ambazo ukiziuliza zinajibu kwa ufasaha, na pengine hukupa jina la kitabu na ukurasa ambavyo havipo duniani. Usiandike chanzo ambacho hukukifungua kwa mkono wako. Ikiwa umekisoma ndani ya kitabu cha mtu mwingine, sema hivyo hivyo, si aibu. Aibu ni kujidai umekisoma. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatufunza kuhakikisha habari kabla ya kuzitendea kazi, na kidole kinachobonyeza kitufe nacho kitaulizwa.

Mimi niliandika karatasi ile upya. Hadithi ya tatu niliiondoa, zilizobaki nikaziwekea tanbihi moja moja, na juu nikaandika kwamba ya kwanza ilikuwa na kosa langu. Kopi ya kwanza nilimpelekea yule mzee. Akaisoma chini kabla ya juu, akacheka, akaniambia, "Sasa naweza kuwasomea wajukuu."

Wazazi, mtoto akikuletea insha yake mwezi huu, muulize swali lile lile la mzee. Muulize kwa upole.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.