Zana, Kipimo na Kipato: Biashara ya Wachuuzi Wadogo wa Kuni Musoma, Bunda na Butiama

Utangulizi

Mchuuzi mdogo wa kuni, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni mtu anayetema, anayechanja, anayesafirisha na kuuza kuni kwa nguvu zake mwenyewe au za kaya yake, bila gari na bila kibarua wa kudumu, na ambaye mauzo ya leo ndiyo chakula cha leo. Watu wa aina hii wapo katika kila gulio la Mkoa wa Mara, lakini hutajwa mara chache katika mipango ya maendeleo, na wanapotajwa huwa ni katika orodha ya waharibifu wa mazingira. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba umaskini wao hautokani na uvivu wala na uchache wa wanunuzi, bali na kukosa mambo matatu yanayomwezesha mfanyabiashara yeyote kusubiri bei nzuri, yaani zana inayodumu, mahali pakavu pa kuhifadhia mali, na kipimo kinachokubaliwa na pande zote mbili.

Mahali na wanunuzi

Musoma, Bunda na Butiama zimekaa kati ya Ziwa Victoria na ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Upande wa ziwa kuna mahitaji makubwa ya moto: wakaushaji wa samaki kwa moshi kwenye mialo, mama lishe wa Mwigobero mjini Musoma, shule, na wachoma tofali. Upande wa mashariki kuna miti, lakini sehemu kubwa yake imo ndani ya mipaka ya hifadhi, ambako kukata ni kosa. Kwa hiyo mchuuzi hutegemea mashamba ya watu, vilima vya vijiji, na mikaratusi au mijohoro iliyopandwa, kisha husafirisha mzigo hadi mjini au kwenye vituo vya barabara kuu ya Mwanza–Musoma–Sirari, kama vile Kiabakari na Makutano. Kadiri miti ya karibu inavyopungua, ndivyo safari inavyorefuka, na urefu huo haulipwi na mnunuzi yeyote.

Zana za kazi

Zana za mchuuzi ni chache: shoka, panga, kamba, ngata ya kichwani kwa anayebeba mwenyewe, na baiskeli kwa aliyejaliwa kuwa nayo. Shoka lenyewe laonyesha ugumu wa biashara hii. Mpini uliochongwa kwa mti mbichi hukauka na kusinyaa, na shoka hulegea na kuchomoka wakati wa kupiga, jambo ambalo ni hatari kwa mkataji na kwa aliye karibu naye. Dawa iliyozoeleka ni kuliloweka shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili mti uvimbe na kushika chuma, lakini jua la siku moja huurudisha mpini ulikokuwa, na kazi hiyo huanza upya. Mpini wa mti mkavu, uliogongewa kabari, yaani kipande chembamba kinachopanua kichwa cha mpini ndani ya tundu la chuma, ungemaliza tatizo hilo kwa miezi mingi, na tupa ya kunolea ingepunguza mapigo yanayohitajika kwa kila gogo. Vitu hivi viwili si ghali kwa kipimo cha duka, ila ni ghali kwa mtu ambaye kila shilingi ya leo imekwishapangiwa unga.

Baiskeli nayo hubebeshwa mzigo ambao haikuundiwa. Kerieri huimarishwa kwa nondo, matita hufungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na mwenye mali huisukuma kwa miguu kwa sababu hakuna nafasi ya kukaa. Spoki zikikatika njiani, faida ya safari nzima huishia kwa fundi. Mkokoteni wa ng'ombe au wa punda, ambao wakulima wengi wa Mara wanaufahamu vyema, ungebeba matita mengi kwa safari moja, lakini kwa kawaida humilikiwa na kaya yenye mifugo, na mchuuzi huukodi kwa bei inayomla.

Maji ndani ya kuni, na suala la kipimo

Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Kwa mfano, tita la kilo 30 lenye maji ya kiasi hicho lina kilo 15 tu za mti wenyewe, na likikauka hadi maji yabaki sehemu moja ya tano ya uzito, litakuwa na kilo zipatazo 19. Maana yake ni kwamba mchuuzi anayeuza kuni mbichi amebeba mgongoni au kwenye baiskeli takribani kilo 11 za maji yasiyo na kazi, na mnunuzi wake atatumia sehemu ya moto kuyachemsha na kuyafukuza kama mvuke kabla sufuria haijapata joto, huku jiko likijaa moshi unaoumiza macho na mapafu ya mpishi. Kuanika kuni zilizochanjwa kwa wiki kadhaa chini ya paa kungemfaa kila mmoja, lakini asiye na banda wala akiba hana wiki hizo, na msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, humkuta na mali iliyolowa wakati hasa bei inapopanda.

Soko nalo halimtuzi anayekausha. Kuni huuzwa kwa tita au kwa fungu, na ukubwa wa vitu hivyo hukadiriwa kwa macho, hivyo tita kavu na tita bichi hupata bei zinazokaribiana, na wenye kununua kwa wingi ili wakauze mjini hutaka matita yaongezwe ukubwa kwa bei ileile, kama mkulima anavyolazimishwa lumbesa. Wengine hupendekeza mizani, na Wakala wa Vipimo, ulioanza kazi mwaka 2002, una mamlaka ya kusimamia haki katika biashara. Hata hivyo mizani peke yake ingeongeza tatizo, kwa kuwa kuni mbichi ni nzito zaidi na ingemlipa zaidi anayeuza maji. Kipimo kinachofaa ni cha ujazo. Ufaransa ilipounda mfumo wake wa vipimo vya mita mwaka 1795, iliweka kipimo maalumu cha kuni kiitwacho stère, yaani mita moja ya ujazo ya kuni zilizopangwa. Vijiji vya Mara havihitaji kuiga ukubwa huo; fremu ya mbao yenye nusu mita kila upande, inayojazwa kuni zilizopangwa mbele ya mnunuzi, ingetosha kuwa kipimo cha gulio, na bei mbili, ya kuni kavu na ya kuni mbichi, zingeweza kutangazwa waziwazi.

Sheria, ushuru na mtaji

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali cha kuvuna katika maeneo yanayosimamiwa, na mazao ya misitu yanayosafirishwa huhitaji hati ya kusafirishia. Utaratibu huu una sababu ya haki, kwani bila usimamizi vilima vingebaki mawe matupu. Ugumu wake unaonekana pale mwenye baiskeli anapotakiwa kufuata njia ileile anayofuata mwenye lori, akipoteza siku ya kazi kutafuta ofisi, na hatimaye akiona ni nafuu kupita njia za panya alfajiri. Sheria hiyohiyo inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao ya hifadhi. Kijiji kilichofanya hivyo kinaweza kumpa mchuuzi aliyesajiliwa kibali cha msimu, chenye eneo na kiasi kilichotajwa.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wachuuzi wa kuni hufanya kazi mmoja mmoja, na wengi huuza kwa mali kauli, yaani hutoa mali kwanza na kulipwa baadaye kwa kuaminiana, hivyo hawana kumbukumbu za kuonyesha. Kikundi chenye banda moja, fremu moja na daftari moja kingekuwa na sifa ya kukopa, na kingeweza kununua mkokoteni wa pamoja.

Nishati safi na nafasi ya wachuuzi

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema, kwa sababu moshi wa jikoni unaua na mzigo wa kutafuta kuni unawaangukia zaidi wanawake na watoto. Lakini mpito wa miaka 10 ni muda mrefu kwa mtu anayekula kwa siku, na hata lengo likitimia, sehemu ya jamii, pamoja na wachoma tofali na wakaushaji wa samaki, itaendelea kuhitaji kuni. Jambo la busara ni kumhamisha mchuuzi kutoka kwenye mti wa asili kwenda kwenye mti uliopandwa. Mbegu ya wazo hilo ipo mkoani, kwani tangu miaka ya 1990 mradi wa Vi Agroforestry kutoka Sweden umehimiza kilimo mseto, yaani upandaji wa miti pamoja na mazao, miongoni mwa wakulima wa Mara.

Hitimisho

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama hazina budi kumtambua mchuuzi wa kuni kama mfanyakazi, zimsajili, zijenge banda la kukaushia katika kila gulio kubwa, na ziweke hapo fremu ya kipimo inayokaguliwa. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kilichopo Butiama, kinafaa kuongoza majaribio ya miti inayokua haraka na kukauka vizuri katika udongo wa Mara. Gharama ya hatua hizi ni ndogo, na kuzikosa kunalipiwa kila siku na wale wasio na uwezo wa kulipa.